Kilomita 50 za baba

Baba yangu alifanya kazi kwenye malori ya Zambia kwa miaka 31. Dar es Salaam hadi Tunduma, Tunduma hadi Lusaka, mara nyingine hadi Ndola na Kitwe huko kwenye shaba, kisha anageuza. Alianza mwaka 1979 akiwa utingo, baadaye akakabidhiwa usukani, na mwaka 2010 akarudisha ufunguo kwa tajiri wake akaenda kupumzika kwake Kihonda, Morogoro. Katika miaka yote hiyo kila safari ilimpitisha Mikumi, maana barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata hifadhi katikati kwa kilomita 50. Hakuwahi hata siku moja kukata kona akaingia langoni.

Mimi na kaka yangu tulikua tukiletewa habari za Mikumi kama watoto wengine wanavyoletewa pipi. Baba akirudi, kabla hata hajaoga, tunamuuliza safari hii umeona nini. Tembo wamezuia magari nusu saa. Twiga wanne wamevuka kwa madaha kama mabibi harusi. Simba alikuwa amelala kwenye lami kwa sababu lami inabaki na joto usiku. Nimekuwa mtu mzima nikiwa na Mikumi yangu kichwani, yote imetazamwa kutoka juu, kwenye kioo cha lori.

Mwezi wa tano nilimpigia simu kumwambia kwamba likizo ya mwezi wa sita tunawapeleka watoto Mikumi, na yeye tutampitia. Akasema, "Mama, mimi wale wanyama nimewaona. Wengine nimewaona kwa karibu kuliko inavyotakiwa." Nikadhani anatania. Tangu mama yetu afariki, kumtoa mzee nyumbani imekuwa kazi, akaja na visingizio vitatu: kuku, mgongo, na mkutano wa mtaa. Binti yangu wa darasa la nne akaninyang'anya simu. "Babu, sasa nani atatuonyesha pale simba alipolala?" Upande wa pili kukawa kimya kidogo. Kisha akasema atakuja.

Mume wangu alitaka twende na treni ya SGR hadi Morogoro, tukodi gari huko. Watoto walishangilia, na kweli ingekuwa safari nyepesi. Mimi nilikataa. Nilitaka barabara yenyewe, tangu Kimara, kituo kwa kituo, kama nilivyokuwa nikiisikia.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimekesha na chapati na mayai ya kuchemsha, chai ya tangawizi kwenye chupa mbili. Kibaha, Mlandizi, daraja la Ruvu, foleni ya malori kwenye mizani ya Vigwaza ikiwa imewasha taa zote kama mtaa. Chalinze kulipambazuka. Wauza machungwa walikuwa tayari wameshika mifuko ya nyavu juu ya vichwa. Baada ya hapo ni vijiji na vibao vya 50, na askari wa tochi walikuwa kazini, kwa hiyo tuliingia Morogoro saa mbili na ushei, Uluguru ikiwa imejifunika wingu hadi kiunoni.

Baba alikuwa ametutangulia barabarani. Amevaa koti lake la safari, lile la kijani lililopauka mabegani, na kofia ya sufu, maana kipupwe cha Morogoro si mchezo. Watoto wakamrukia. Aliwapa mikono, akaniambia pole na safari, kisha kabla ya kupanda akalizunguka gari letu, Noah, akigonga matairi kwa kipande cha nondo alichokuja nacho kutoka nyumbani. Anagonga, anasikiliza, anasogea. Alipomaliza akamwambia mume wangu, "Mkwe, la nyuma kushoto limepungua upepo." Tukapita kwa fundi pancha. Kweli lilikuwa limepungua.

Tulimkalisha mbele. Kutoka Morogoro mjini barabara ilikuwa ni yeye anayeisoma. Matawi yaliyotupwa kwenye lami, moja, hatua thelathini, jingine: mbele kuna gari limeharibika, punguza. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto kwenye mlima, linakuruhusu upite. Likiwasha ya kulia, tulia. Mwanangu wa kiume, ambaye kwa kawaida simu haimtoki mkononi, alikuwa ameinama katikati ya viti viwili vya mbele akisikiliza. Binti yeye alikuwa na daftari. Alimuuliza babu kwa mwezi alikuwa anakwenda safari ngapi. Mbili, ukiweka wastani. Akapiga hesabu: kwenda na kurudi, mara mbili, mara kumi na mbili, mara miaka 31. "Babu, umepita Mikumi mara 1,488." Baba alirudia ile namba taratibu kama mtu anayekabidhiwa risiti.

Mzumbe. Melela. Tulipofika Doma aliacha kuzungumza.

Kisha hifadhi inaanza, bila ukuta wala uzio. Ni kibao, na nyasi zinazofanana na nyasi za kabla yake. Lipo bango lenye orodha ya wanyama na faini ya kila mmoja kwa dereva atakayemgonga. Mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na yapo matuta ya kuwakumbusha wanaosahau. Nilitarajia baba awaonyeshe watoto lile bango. Alikuwa anatazama upande wa pili.

Wa kwanza kutupokea walikuwa nyani. Wamekaa pembezoni mwa lami kwa mstari, wakubwa kwa watoto, wanatazama madirisha ya magari. Basi lililokuwa mbele yetu likatupiwa macho yote, na kweli kiganja kikatoka dirishani na kibunzi cha mahindi. Nyani watatu wakakimbilia katikati ya barabara. Mume wangu alikanyaga breki hadi chupa ya chai ikadondoka. "Hawa tumewaharibu sisi," baba akasema. "Maganda ya ndizi, mikate. Tulikuwa tunaona ni huruma." Naomba kama unasoma hapa na una safari ya Iringa au Mbeya, usitupe chakula dirishani Mikumi. Nyani akizoea kwamba chakula kinatoka kwenye magari, anaishi barabarani, na barabarani ndipo anapofia. Niliona mmoja siku ileile, mbele kidogo. Sitaeleza zaidi kwa sababu watoto wangu nao husoma ninachoandika.

Langoni malipo ni kwa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, fedha taslimu hazipokelewi. Kwa mtu mzima raia kiingilio hakikufika hata shilingi 10,000, na watoto ni chini zaidi. Gari lina ada yake. Baba alisimama pale dirishani akasoma viwango vyote mara mbili. Akageuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi miaka yote nilijua hapa lazima uwe na dola." Hilo limenikaa moyoni kuliko mengi ya siku ile. Mtu amepita mara 1,488 nje ya mlango akiamini haukuwekwa kwa ajili yake, na hakuna aliyemwambia vinginevyo, mimi mwanawe nikiwa mmojawapo.

Tulichukua mwongozaji, dada mmoja mchangamfu mwenye darubini shingoni, akakaa kiti cha nyuma na watoto. Alituambia kiangazi barabara za bonde la Mkata zinapitika hata kwa gari kama letu, ila masika ule udongo mweusi humeza magari makubwa kwa madogo. Akatueleza hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, ukubwa wake kilomita za mraba 3,230, na jina limetokana na miti ya mikumi, jamii ya mivumo, ile yenye shina lililovimba katikati. Binti aliandika yote. Kusini, akasema, Mikumi inagusana na ile iliyokuwa Selous, ambayo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Nyerere tangu 2019, na wanyama hawajui mpaka uko wapi: wanakwenda na kurudi kufuata maji na majani.

"Na barabara?" baba akauliza.

"Barabara wanaikuta njiani tu, mzee."

Mkata ni uwanda wa nyasi za dhahabu, umetandazwa hadi kwenye vilima, na huku mashariki milima ya Uluguru inaonekana ya bluu. Baada ya Dar es Salaam macho yanachukua muda kuamini kwamba hakuna kitu cha kuyazuia. Twiga walikuwa wa kwanza, kumi na mmoja, mmojawapo akiwa amepanua miguu ya mbele ili anywe maji. Mwongozaji alieleza kwamba twiga anapoinama hivyo ndipo anapokuwa hatarini zaidi, kwa sababu kuinuka na kukimbia kunamchukua muda, ndiyo maana wenzake walikuwa wamesimama wakitazama pande zote. Tembo tulikutana nao kwenye mti wa kivuli, mama na watoto, wakijipiga vumbi. Kwenye bwawa la viboko tuliruhusiwa kushuka. Watoto walihesabu pua na masikio, wakabishana kama ni kumi na nane au ishirini na moja, maana mmoja akizama mwingine anaibuka. Tulikula chapati zetu ndani ya gari, vioo vimefungwa, kwa sababu ya nyani.

Mwanangu alikuwa anataka simba. Mwongozaji akasema tutatafuta, akatuelekeza upande wa mto, na hapo kabla ya mto tukakuta kundi la pundamilia wamechanganyika na nyumbu na swala pala. Pundamilia walikuwa kama arobaini. Tukazima injini.

Kulikuwa na mmoja mwenye mtoto mdogo sana, manyoya yake bado ya kahawia, miguu mirefu kuliko mwili. Mama yake alikuwa akijiweka kati ya mtoto na wenzake; akisogea mwingine, anamfukuza kwa meno. Binti akauliza kwa nini anagombana na ndugu zake. Mwongozaji akaeleza kwamba siku za mwanzo mama pundamilia huwazuia wengine wasimkaribie mtoto mpaka mtoto amjue yeye: milia yake, harufu yake, sauti yake. Baada ya hapo hatampoteza hata kundi likiwa la mamia.

Baba alivua kofia akaiweka gotini.

Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa barabara kuu, na katika ule utulivu tukasikia lori. Mbali, lakini waziwazi: injini inanguruma, inapumua, inanguruma tena kwa sauti nzito zaidi. Pundamilia wote waliinua vichwa. "Huyo anashusha gia," baba akasema. Kisha, bila kututazama, akaanza kusimulia.

Ilikuwa mwaka 1987, anatoka Tunduma, amebeba shaba, anakwenda bandarini. Saa tisa usiku. Pundamilia dume akavuka mbele yake, akapita salama, naye akarudisha mguu kwenye mafuta. Aliyefuata alikuwa jike. Lori lenye shaba halisimami kwa breki, linasimama likitaka lenyewe. Aliposhuka na utingo wake wakiwa na tochi, yule jike alikuwa amekwisha kufa, na kando ya lami alikuwa amesimama mtoto, hivi, baba akaonyesha kwa mkono usawa wa dashibodi. Walimvuta jike hadi kwenye nyasi. Mtoto akawafuata hadi pale, akasimama. Waliporudi kwenye gari bado alikuwa amesimama, na baba alimwona kwenye kioo cha pembeni mpaka taa za nyuma zilipoacha kumfikia.

"Bampa ilikuwa imepinda. Tajiri alipouliza, nilisema ng'ombe. Nilisema nimegonga ng'ombe Doma." Akanyamaza. "Hata mama yenu sikumwambia."

Hakuna aliyesema neno. Mume wangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Mimi nilikuwa namtazama baba kisogoni, nikikumbuka mwaka huo, nikiwa na miaka minane, nikimuuliza safari hii umeona nini. Sikumbuki alinijibu nini. Alinijibu kitu, kwa sababu hakuwahi kurudi bila hadithi.

Mwongozaji ndiye aliyezungumza kwanza. "Mzee, sisi huwa tunawakuta asubuhi," akasema kwa upole. "Hatujui kamwe ni nani wala ilikuwaje. Leo ni mara ya kwanza dereva ananiambia."

"Tangu siku ile," baba akasema, "akivuka mmoja, mimi nasimama. Hawavuki mmoja. Akivuka mmoja, wapo nyuma yake. Kila utingo aliyepita mikononi mwangu nimemfundisha hilo kabla ya kumfundisha gia."

Binti yangu alinyoosha mkono kutoka nyuma akamwekea babu begani, akauacha hapo. Tulikaa vile muda mrefu. Mara tatu nyingine tulisikia malori, na mara zote tatu vichwa viliinuka, na yule mdogo wa kahawia akasogea ubavuni kwa mama yake. Kilichonishika ni kwamba baba alikuwa anaisikia barabara yake kutoka upande huu kwa mara ya kwanza. Alikuwa anajua kila gia. Hakuwa amewahi kujua kwamba huku inasikika hivi.

Simba tulimpata saa kumi na moja jioni, jike, amelala chini ya mti karibu na barabara ya kutokea, anapepesa nzi kwa masikio. Mwanangu alipiga picha hamsini. Nilifurahi kwa ajili yake. Saa kumi na mbili tukawa tumetoka langoni, maana usiku hairuhusiwi kuzunguka ndani.

Tulilala Mikumi mjini, nyumba ya wageni ya kawaida yenye chandarua na maji ya moto ya ndoo. Mji ule unaishi kwa malori. Jioni yanajipanga pande zote mbili, moshi wa nyama choma unapita kati ya matela, na lugha zote za barabara zinasikika, Kinyakyusa, Kibemba, Kiswahili cha Lubumbashi. Baada ya kula nilimkosa baba. Nilimkuta kwenye banda la chai, amekaa kwenye benchi na dereva kijana, hazidi miaka ishirini na mitano, macho mekundu kwa usingizi. Kijana alikuwa ametoka Tunduma, amebeba shaba.

"Unaondoka saa ngapi?" baba akamuuliza.

"Saa nane usiku, mzee. Niwahi mizani kabla haijajaa."

Baba hakumwambia habari ya mwaka 1987. Alichukua kipande cha kibiriti akamchorea mezani, kwenye unga wa sukari uliomwagika: hapa ni mwisho wa mji, hapa unaingia hifadhini, hapa kuna mteremko, hapa utaona bonde upande wa kushoto na nyasi zitakuwa zimekaribia lami. Wanavukia hapa kwenda kwenye maji. Na hapa. Akivuka mmoja, simama. Kijana aliitikia kwa heshima, ndiyo mzee, ndiyo mzee, na mwanzoni nilidhani anaitikia tu ili anywe chai yake. Lakini alipoinuka alirudi nyuma hatua mbili, akauliza, "Ule mteremko ni kabla ya lango au baada?"

"Kabla."

Baba alimwomba namba ya simu.

Niliamka alfajiri nikamkuta nje kwenye kibaraza, koti la kijani limefungwa hadi shingoni, simu yake ndogo sikioni, ameizungushia mkono kuzuia upepo. Iliita muda mrefu.

"Umefika wapi?" akauliza.

Sikusikia jibu, ila baba alikuwa akitikisa kichwa taratibu.

"Chalinze. Haya. Na pale mteremkoni, ulikwenda ngapi?"

Akasikiliza.

"Hamsini," akanigeukia kuniambia.